Sikukununia, Kulwa

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Kulwa ndugu yangu,

Dagaa wako wa Nansio wamefika. Mimi nilionja wawili tu, chumvi nimekatazwa.

Najua umenuna. Unapiga simu nakata, au napokea na kujibu "eeh, eeh" hata ulipokuwa unanipa habari za msiba. Sikusikii, Kulwa. Nimeona nikuandikie, haya hayaenei kwenye meseji.

Zilianza kupotea sauti nyembamba. Baba namsikia vizuri, ila mdogo wangu wa mwisho naona mdomo tu unacheza. Siku moja mama aliniuliza saa, nikaenda kuwasha taa. Walicheka, nikacheka nao.

Aliyegundua ni nesi wa kwenye mashine ya kusafisha damu, ile inayofanya kazi ya figo zangu, ambako nalala masaa manne, mara tatu kwa wiki. Ananiita kwa nyuma, sigeuki. Nikapelekwa kupimwa: unavishwa spika masikioni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Nilikaa pale kitufe mkononi, nikidhani bado hawajaanza. Kumbe wako katikati.

Daktari anasema sikio la ndani na figo ni kama ndugu, kazi yao wote ni kupitisha chumvi na maji kwenye tishu laini sana. Ndiyo maana dawa ya kuua bakteria kama jentamaisini, ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa haraka, huweza kuua masikio, na yakifa hivyo hayarudi. Kisha akauliza kama utotoni nilikojoa damu. Nikamwambia ndiyo, tukasema kichocho; mtoto wa ziwani nani angesema kingine? Akauliza tena: ukoo wenu kuna mgonjwa wa figo aliyekuwa hasikii? Maana upo ugonjwa wa kurithi, unaitwa Alport, unashika figo, masikio, hata macho.

Mama alikaa kimya. Halafu akamtaja kaka yake wa Sengerema, yule aliyefariki mwili umevimba. Unamkumbuka? Ndiye tuliyekuwa tunamwita jeuri kwa sababu haitiki akiitwa.

Vipimo vingine bado. Vifaa vya kusikilizia vipo, bei yake ndiyo tunaizungusha nyumbani.

Ukija na meli usiniite kwa nyuma pale bandarini. Pita mbele nikuone mdomo, na usipige kelele, sema taratibu tu. Njoo Jumamosi, siku hiyo siendi kwenye mashine.

Wako,
Masanja