Mnatufundisha kunawa, dirisha nani atafungua?

Mhariri,

Ile habari yenu ya abiria wa treni ya Dar kupewa elimu ya magonjwa ya kuambukiza nimeisoma yote mpaka picha, ile ya mdada wa kizibao kashika kipaza sauti anatabasamu. Gazeti lenu nalisoma miaka mingi sijawahi kuwaandikia, naonaga wenzangu wanalalamika mitaro na bei ya mbolea napita zangu, ila hii imenigusa pabaya maana treni hiyo naipanda. Nauza mitumba pale soko la Memorial, Dar ndio naenda kuchagua mzigo, na tangu treni irudi huku Moshi Desemba 2019 mimi na basi tumeachana.

Hiyo elimu nimeisikia kwa masikio yangu. Inatolewa saa ngapi? Wakati watu wanagombania kupandisha mizigo! Mtu ana mkungu wa ndizi begani, mtoto mgongoni, tiketi kaing'ata mdomoni, we unamwambia habari ya maji tiririka na sabuni. Sawa, kunawa sikatai. Kipindupindu mikono michafu imo, yale macho mekundu yaliyotusumbua mwanzoni mwa 2024 nayo mikono imo. Lakini watu tukishakaa behewani usiku kucha, tumebanana, shida yetu kubwa ni hewa, na neno dirisha kwenye kile kipaza sauti halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Na nyie mwandishi wenu mzima hakuuliza.

Sikilizeni sasa. Safari yangu ya juzijuzi tumepita Same giza limeshaingia, mbele yangu kakaa kaka mmoja anakohoa kuanzia Moshi, kikohozi kile cha kuinama mpaka mishipa ya shingo inasimama, namuuliza pole kaka umeanza lini ananiambia aah mama ni vumbi tu, tangu mwezi jana. Mwezi jana! Nikafungua dirisha. Dada wa pembeni mwenye kichanga akalifunga, mtoto atapata nimonia kwa upepo. Nikalifungua kidogo, vidole vitatu tu. Mzee wa nyuma akasimama kabisa akaja kulifunga kwa mkono wake akaniuliza wewe ni daktari? Behewa zima likacheka, hapo madirisha yote yameshafungwa yanatoka jasho kwa ndani unaweza kuandika jina lako. Halafu angalieni kituko, yule yule dada aliyefunga dirisha alikuwa anagawa chai ya tangawizi toka kwenye chupa, kaka alipomaliza nikamuona dada anakichukua kile kikombe kwa ncha za vidole, anakifunga kwenye mfuko wa rambo peke yake, anakitupia chini ya kiti. Yaani kikombe kinaogopwa, pumzi haiogopwi! Mdogo wangu aliugua TB, kifua kikuu, nilimpeleka kliniki mimi, nikaambiwa na kuelezwa mpaka nikaelewa: TB haiambukizi kwa kikombe wala kwa kupeana mkono, inapita kwenye hewa, mgonjwa anakohoa wewe unavuta, na vijidudu vyake vinaweza kuelea saa kadhaa kwenye chumba kisichopitisha hewa. Ndio maana hata kwenye ndege Shirika la Afya Duniani wakitafuta waliokaa karibu na mgonjwa wanaangalia zile safari zinazochukua masaa nane na kuendelea, sasa sisi Moshi mpaka Dar tunakaa humo saa ngapi?

Sisemi yule kaka ana TB, sijampima. Nasema mtu akikohoa wiki mbili na kuendelea anatakiwa kupimwa, kipimo bure, dawa bure miezi sita, mdogo wangu kameza kapona sasa hivi ananidai hela. Na hospitali ya Kibong'oto ipo hapo Siha tangu 1926, nchi nzima inaleta wagonjwa wa TB kwetu, halafu sisi majirani zake ndio tunaosema upepo unaleta nimonia.

Na msidhani ni treni peke yake. Hiace za Moshi Arusha ndio balaa, nyingine kioo hakifunguki kabisa kimepigwa silikoni, mmekaa wanne kwenye siti ya watatu kuanzia Boma Ng'ombe mpaka Tengeru, konda kaning'inia mlangoni anapata hewa yake safi anawaambia sogeeni sogeeni. Ukimwambia kufungua anasema AC mbovu mama. Nani kauliza AC? Na zile ndoo za kunawa za 2020, corona ilipotangazwa kuanzia hapo hapo Arusha, kila mlango ulikuwa na ndoo, leo zimeota mchicha.

Sasa mimi nashauri hivi. Kipaza sauti kibaki stesheni wakitangazie saa za kuondoka. Elimu ipandishwe ndani, itolewe na yule mkaguzi wa tiketi maana ndio mtu pekee ambaye kila abiria anamsikiliza hata kama amelala. Akishatoboa tiketi aseme maneno mawili: kohoa kwenye kiwiko, kikohozi cha wiki mbili kapime. Anayekohoa apewe barakoa bila kusemwa. Na apewe filimbi. Treni ikisimama Same, Mombo, Korogwe, anapiga filimbi, kila dirisha linafunguliwa, mwenye kichanga anahamishiwa siti ya kwenye korido na khanga mbili, mzee wa nyuma akibisha ashuke hapo hapo Mombo akafunge madirisha ya kwao. Filimbi pale Mbuyuni ni bei ya kutupa, wakisema bajeti haipo waje Memorial waulizie mama wa mashati ya watoto, nitawapa ya kwangu ninayofukuzia vibaka.

Mama muuza mitumba,
Pasua, Moshi