Masanja, gunia lifungulie kivulini

Mwanangu Masanja,

Hujambo, baba? Huku Buswelu sote wazima. Mama yako anakusalimu, na Kabula anasema umemsahau. Barua hii nimeitia ndani ya gunia ili iandamane na vilivyomo.

Simu yetu ya Jumapili imenikaa moyoni. Nilikuuliza umekula nini, ukasema chipsi mayai, kama juzi na kama jana yake. Ukaongeza kwamba mambo ya jikoni utayajua ukishaoa. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tumbo halingoji harusi, mwanangu.

Mwaka 2011 mama yako alipolazwa ulikuwa na miaka saba, na Kabula mitatu. Nadhani unakumbuka kidogo. Mimi nilikuwa sijawahi kusonga ugali tangu nizaliwe. Wiki ya kwanza tulikula chai na maandazi asubuhi, na jioni tena chai na maandazi. Kabula akafunga choo, akawa analia usiku, nami nimembeba natembea naye uani hadi alfajiri. Jirani yetu akasikia. Asubuhi alikuja na ungo, akanishika mkono hadi nyuma ya nyumba, pale katikati ya majabali mawili mama yako alipopanda matembele, yale majani ya viazi vitamu. Akaniambia, "Baba Masanja, chakula cha watoto ni hiki, unakipita kila siku." Siku hiyo ndiyo niliyojifunza kupika, na nilichofundishwa ndicho ninachokupa.

Matembele chuma asubuhi kabla ya jua kali, ukachukue ncha na majani machanga tu. Ukikata ncha, rando, yaani shina lake linalotambaa, linachipua pembeni na kukupa nyingine, kwa hiyo usiling'oe. Yaoshe yakiwa mazima, kisha anika kwenye ungo kama nusu saa yasinyae, utomvu upungue. Baada ya hapo ndipo uyakate.

Karanga kaanga kavu kavu, zipoe, zifikiche maganda yatoke, halafu zitwange. (Hizi nilizokufungia mama yako ameshazitwanga.) Bandika sufuria na kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizoiva na maji kikombe kimoja. Mafuta usitie, maana karanga inakuja na yake. Nyanya zikishapondeka, koroga karanga pembeni kwa maji ya baridi hadi iwe kama uji mwepesi, umimine. Kuanzia hapo usiondoke jikoni, hata simu ikiita. Mchuzi utapanda kama maziwa yanayotaka kumwagika. Punguza moto, endelea kukoroga. Mwanzoni ni mweupe na unanukia ubichi. Taratibu unaiva, rangi inakolea, na pembeni mwa sufuria utaona vitone vya mafuta vikijitokeza. Hiyo ndiyo dalili yako. Ukiipua kabla ya vitone hivyo, ladha ya ubichi itakukaa kooni hadi kesho. Vikitokea, tia matembele na chumvi, dakika tano hadi saba, basi.

Wengine watakwambia utie magadi ili mboga ilainike haraka na ibaki kijani. Usitie. Magadi yanaharibu vitamini, na matembele machanga hayahitaji msaada wa kulainika. Na hiyo karanga haipo kwa ajili ya utamu peke yake: vitamini A iliyomo kwenye majani inahitaji mafuta ndipo mwili uinyonye vizuri.

Ugali nitakufundisha ukija likizo, kwa mikono, barua haiwezi. Kwa sasa kula na wali au viazi.

Umo pia mfuko wa dagaa. Mama yako alikwenda mwenyewe Mwaloni, Kirumba, akachagua walioanikwa kwenye chanja. Wale wa mchangani wana mchanga hata uwaoshe mara tano. Na kile kifungu cheusi cheusi ni nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa siku ambayo bustani haina kitu. Loweka kwanza, kisha yapike kwa karanga ileile, ila nsansa zinataka muda mrefu zaidi motoni.

Sasa marando. Yapo thelathini, ya viazi lishe, nimeyafunga kwa gunia bichi ili yastahimili safari ya Shinyanga na Singida hadi kwako Dodoma. Ulisema pale bombani pana kiwanja kitupu. Muombe mama mwenye nyumba kwa adabu, umwambie naye atachuma. Gunia lifungulie kivulini. Panda jioni, si mchana: kila kipande kifukie vifundo viwili au vitatu, ncha ibaki nje, na udongo uwe umeshaloa. Huku kwetu tunapata mvua za vuli na za masika, lakini Dodoma msimu ni mmoja na mfupi, kwa hiyo usitegemee mawingu. Maji ya kuoshea mchele na mboga usiyamwage, yapeleke hapo. Ya sabuni hapana.

Baada ya mwezi hivi utaanza kuchuma. Wakati unasubiri, nunua fungu gengeni, lakini nenda asubuhi, usichukue yaliyolala.

Siku utakayochuma ya kwako mara ya kwanza, nipigie kabla hujabandika sufuria. Weka simu juu ya ndoo, nitakaa na wewe hadi karanga itoe mafuta.

Baba yako