Tusimpangie upya tundu ndege anayepofuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wafugaji wengi wa ndege wa nyumbani hulitambua wakiwa wamechelewa, nami nikiwa mmoja wao. Ndege anayepoteza uwezo wa kuona huweza kuishi na giza lake kwa wiki nyingi, pengine miezi, kabla mfugaji hajashuku lolote. Mimi nilijua siku niliposafisha tundu la kasuku wangu, nikavitoa vijiti vyote anavyotulia, nikavisugua, kisha nikavirudisha bila kujali kipi kilikuwa wapi. Kasuku ambaye jana yake alikuwa akipanda na kushuka bila kusita alinyanyua mguu, akaupeleka pale kijiti kilipokuwa zamani, akakosa pa kukanyaga, akaanguka hadi chini. Nilidhani ameteleza. Alipoanguka mara ya tatu ndipo nilipomshika na kumsogeza dirishani, nikaona weupe kama ukungu ndani ya mboni ya jicho la kulia, na mwingine hafifu zaidi katika la kushoto.

Kumbe alikuwa amelikariri tundu lake lote, na mimi, kwa nia njema ya usafi, nilikuwa nimemfutia ramani.

Kuficha udhaifu ni tabia ya asili ya ndege, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayewindwa kwanza. Ndiyo maana dalili za mwanzo ni ndogo ndogo. Ndege huanza kutumia mdomo kupapasa kabla ya kukanyaga, hushtuka akiguswa upande mmoja, hudonoa pembeni mwa punje badala ya kuidonoa yenyewe, au huacha kuruka bila sababu inayoeleweka. Kwa kuwa macho ya ndege hayazunguki sana ndani ya matundu yake, yeye hugeuza kichwa kizima ili kuona. Basi anayeng'ang'ania kukuelekezea upande ule ule wa uso kila wakati huenda jicho la pili limeshamsaliti. Naomba wasomaji wasitegemee sana jaribio la kupunga mkono mbele ya uso wake, kwani manyoya huhisi upepo wa mkono na ndege atajikunyata hata kama haoni kitu. Jaribio la kummulika kwa tochi nalo hudanganya: misuli ya mboni ya ndege, tofauti na yetu, ni ya aina inayoweza kuendeshwa kwa hiari, hivyo mboni hutanuka na kusinyaa hata pasipo badiliko la mwanga.

Chanzo cha upofu atakitafuta daktari wa mifugo, na ikiwezekana awe aliyezoea kutibu ndege. Mtoto wa jicho huwapata kasuku wazee, na baadhi ya koo za kanari huurithi. Ajali ya kugonga kioo huweza kuharibu jicho kwa siku moja. Lipo pia kosa letu la kuwalisha mbegu tupu, hasa za alizeti, mwaka hadi mwaka. Chakula hicho kina upungufu wa vitamini A, na ikikosekana, utando laini wa macho na wa njia ya hewa hukauka, ukawa mgumu, na maambukizi yakapata mlango. Karoti na mboga za majani zenye kijani kilichokolea husaidia kuzuia hali hiyo, lakini hazitaondoa ukungu uliokwisha kuingia katika lenzi. Macho yakiwa yamevimba na kutoa machozi, tusisubiri, kwani miongoni mwa vinavyoweza kusababisha hali hiyo ni bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, ambaye humfikia hata binadamu kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka na kumletea ugonjwa wa mapafu.

Hapa niseme wazi kuhusu matone ya macho yaliyobaki kabatini. Niliambiwa na mtu aliyenitakia mema nimtilie kasuku dawa aliyokuwa ameandikiwa yeye mwenyewe, nami nusura nifanye hivyo. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na katika mwili mdogo wa ndege dawa hiyo haiishii jichoni: huenea mwilini kote, hupunguza kinga, na kumwacha wazi kwa kuvu wanaoshambulia mapafu na mifuko ya hewa. Upasuaji wa mtoto wa jicho upo, na kwa ndege wakubwa hufanywa na wataalamu kwa kuivunjavunja lenzi na kuinyonya nje. Hata hivyo, usingizi wa dawa una hatari zake, na kwa kasuku mzee aliyetulia mimi niliona gharama ya hofu ingezidi faida. Mwingine anaweza kuamua tofauti, wala sitamlaumu.

Kazi kubwa, basi, ilibaki nyumbani. Nilivirudisha vijiti mahali pake kwa kufuata mikwaruzo iliyokuwa kwenye nyaya za tundu, nikavishusha taratibu kwa siku kadhaa ili akianguka asianguke mbali, na chini nikatandika taulo na kuifunika kwa karatasi. Tundu sikulihamisha tena, na upande wake mmoja umeegemea ukuta ili ajue hakuna atakayemjia kutoka huko. Vyombo vya chakula na maji havibadilishwi nafasi wala umbo, na cha maji ni kifupi. Kabla ya kuingiza mkono nasema neno lile lile kila mara, nangoja anijibu kwa sauti au kwa kuinua mguu, ndipo namgusa. Wageni niliwaomba wafanye hivyo hivyo. Wengine walinicheka, lakini wakazoea.

Chombo cha mbegu kinahitaji jicho la pekee. Ndege humenya mbegu na kuyaacha maganda papo hapo, kwa hiyo chombo huonekana kimejaa ilhali chini hamna kitu, na ndege asiyeona hawezi kuhama kwenda kutafuta kwingine. Mimi hupuliza maganda asubuhi na jioni, kisha humpima kasuku kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kasuku wa gramu 450 akipungua gramu 45 huyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama anapiga mluzi.

Tena asiwekwe gizani kwa hoja kwamba haoni. Ubongo wa ndege una chembe zinazopokea mwanga unaopenya fuvu la kichwa, na kwa hizo mwili wake huendelea kujua majira na urefu wa mchana, macho yawe yamekufa au la. Anahitaji mchana wake na usiku wake kama zamani.

Kuna wanaoshauri ndege wa namna hii aachiliwe akaishi porini. Sielewi mtu husemaje hivyo huku akijua kwamba ndege huyo hawezi kukiona chakula wala mwewe. Maumivu makali yasiyotibika, kama yale yanayoletwa na shinikizo ndani ya jicho, ni suala jingine, na hapo daktari ana haki ya kumshauri mfugaji ampumzishe milele. Upofu peke yake hauumi. Ningependa wauzaji wa ndege wamweleze haya kila anayenunua, kwa kuwa kasuku huishi miaka mingi, na uzee wake tutaukuta humo humo tunduni mwetu.

Kasuku wangu sasa yuko katika mwaka wa pili wa kuishi hivi bila kuona. Kila kijiti nimekifunga uzi wa rangi yake, na rangi ile ile nimeifunga kwenye waya wa tundu kinapokaa, ili atakayelisafisha siku nisipokuwapo ajue cha kurudisha wapi.

Wako,
Mfugaji wa kasuku