Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: msizibe pumzi ya majengo ya zamani

Mheshimiwa Meya,

Sisi mafundi na wasanifu majengo tunakuomba usome haya kabla ya kutia sahihi zabuni nyingine ya kukarabati ofisi za umma. Mtindo wa siku hizi unajulikana: baraza la mbele ya jengo (veranda yenye paa) linavunjwa, matundu ya hewa juu ya madirisha yanazibwa, ukuta unavikwa vioo vya bluu na mabamba ya alumini. Siku ya uzinduzi jengo linang'aa. Oktoba ikifika, watumishi wanaungua humo ndani, na umeme ukikatika hamkaliki.

Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, hivyo mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita utosini. Joto huingia kwa paa, halafu kwa ukuta wa magharibi. Saa tisa alasiri jua limeshuka hadi nyuzi 45 hivi juu ya upeo: dirisha la kimo cha mita 1.5 linahitaji paa la kivuli linalotokeza nje mita 1.5. Saa kumi, karibu mita 2.5. Baraza pana linaiweza kazi hiyo. Kioo cha rangi hakiiwezi, tena kikiwekwa bila nafasi ya kufunguka kinafungia joto ndani. Palipobomolewa baraza upande wa magharibi, lirudishwe, au pawekwe mbao za wima na miti.

La pili linatuuma zaidi, kwa sababu uharibifu wake haurudi nyuma. Tofali la kuchoma lililojengwa kwa chokaa hunyonya maji na kuyatoa. Likipigwa plasta ya simenti, maji yanakwama, chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, nayo inavimba na kudondoka pamoja na uso wa tofali. Simenti hiyo iondolewe kwa nyundo na patasi, kamwe si kwa mashine ya kukata. Viungo vya kati ya tofali na tofali vichimbwe milimita 25, tofali liloweshwe, vijazwe chokaa 1 kwa mchanga 3. Chokaa iwe imezimwa kabisa kwa maji. Punje zisizozimwa hulipuka ukutani miezi baadaye. Kazi ifanyike kiangazi, ifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa, maana upepo wa Julai huikausha kabla haijashika. Chokaa si ya kuagiza ng'ambo: viwanda vya shaba vya hapa Katanga vinaitumia kila siku.

Na sakafu ya nje isiinuliwe hadi kugusa tofali. Iachwe sentimita 50 za kokoto, kisha mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mfereji.

Tunaomba masharti ya zabuni yadai mchoro wa kivuli wa kila upande wa jengo, na kipande cha majaribio cha mita 1 kwa 1 ukutani, kikaguliwe baada ya masika moja kabla ya malipo ya mwisho.

Kwa heshima,
Mafundi na wasanifu majengo wa Lubumbashi