Mwanangu, kiinua mgongo tusikitie chote kwenye matofali

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hatujambo, alhamdulillah. Baba yako mguu umempoa na sasa anakwenda msikitini mwenyewe bila kushikwa mkono. Ama baada ya salamu, nakuandikia kwa yale uliyoyasema Ijumaa kwenye simu. Nilinyamaza kwa sababu baba yako alikuwa karibu nami na sikupenda tubishane anasikia, lakini neno lako limeninyima usingizi.

Ulisema kiinua mgongo cha baba yako, akishatimiza miaka 60 mwezi ujao, chote tukitie kwenye vyumba vya kupangisha pale Fuoni, Unguja, kwani pesa inayolala benki haizai. Najua umesema kwa mapenzi. Vyumba sivikatai, mwanangu. Ninalolikataa ni hilo neno "chote".

Changu mimi nilikimaliza chote. Nilistaafu 2019, nikaezeka nyumba bati jipya, nikachimba kisima, kilichobaki nikanunulia ile mikarafuu ya kule bondeni. Watu walinisifu. Sikubakisha hata laki mbili, nikijiambia pensheni inaingia kila mwezi, nina haja gani ya akiba? Mwezi wa Machi 2020 ukaja ugonjwa wa korona, ndege zikazuiwa, hoteli mliyokuwa mkifanyia kazi ikafungwa, nawe ukarudi nyumbani na begi lako moja. Mwezi wa Juni baba yako akaanguka, tukaambiwa apelekwe Dar es Salaam. Nauli, dawa, pa kulala mimi ninayemuuguza, vyote vilitakiwa siku hiyo hiyo. Bati huwezi kulibandua ukalipeleka sokoni. Nikaikodisha mikarafuu ikiwa bado haijaiva, kwa laki saba, kwa bwana mmoja aliyekuja na pesa mfukoni. Msimu ulipokwisha, zile karafuu zilimpa zaidi ya milioni mbili. Hakunidhulumu. Mimi ndiye niliyekwenda kumgongea mlango usiku.

Hayo sikuwahi kukueleza sawasawa, kwa sababu wewe mwenyewe wakati ule ulikuwa umevunjika moyo. Leo nakueleza, kwa kuwa nakuona unatupeleka njia ile ile, na safari hii hatuna umri wa kuanza tena.

Basi nimekaa na daftari nikapiga hesabu. Nilianza kwa kujiuliza tunatumia kiasi gani kwa mwezi, nikaona hilo si swali. Swali ni pensheni zetu zinapungukiwa na nini. Nyumba hii inakula 520,000 kwa mwezi, pamoja na umeme, dawa za presha za baba yako na zile harusi na misiba isiyokwisha. Pensheni yangu na yake atakayopata zitafika 380,000. Pengo ni 140,000. Siku zote pengo hilo tumeliziba kwa karafuu, na karafuu unazijua: mwaka mmoja miti inainama kwa uzito, mwaka wa pili unatazama juu unaona majani matupu. Ikikosa misimu miwili mfululizo tutakuwa tumepungukiwa miezi 24, yaani 3,360,000. Hizo nazitaka ziwepo.

Juu yake naweka milioni mbili za maradhi, kwa yale yaliyotukuta. Na naweka laki nane za wachumaji. Hili wewe uliyekulia skuli na hotelini huenda hulioni. Mchumaji analipwa kwa pishi, jioni ile ile, wakati karafuu zako bado mbichi juu ya majamvi, hazijakauka wala hazijafika kituo cha ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu. Asiyekuwa na pesa ya kuwalipa huanza kukopa kwa ahadi ya karafuu, na mwenye kukopesha hujipangia bei. Kwa hiyo hata shamba linalozaa linataka pesa mkononi ndipo likupe faida yake.

Mwisho laki tano za sanda na hitima. Usikasirike nikizitaja, mama yako ni mtu mzima. Jumla 6,660,000. Kitakachozidi hapo, jengeni vyumba, nami nitakuja kupika chai ya mafundi.

Utaniambia thamani inaliwa. Kweli. Tuseme bei zinapanda asilimia 3 kwa mwaka, kwa kiasi hicho ni kama kupoteza laki mbili za manunuzi kila mwaka. Na tukipima kwa nisabu ya madini ya fedha, kile kiwango ambacho mali ikikifika hutolewa zaka, zikitimiza mwaka mikononi mwetu zinatolewa zaka, asilimia 2.5, yaani 166,500. Hiyo siihesabu hasara, ni haki ya wenyewe. Lakini hata ukiijumlisha, bado ni chini ya laki nne. Mwaka ule wa 2020 nilipoteza zaidi ya milioni moja kwa siku moja, na nililia peke yangu kisimani ili baba yako asinione.

Pa kuziweka nako nimefikiri. Usidhani nitazitia kwenye kasha. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alipofariki tulifungua kasha lake tukakuta karibu laki tisa zimefungwa kwenye kanga, noti za zamani. Benki Kuu ilikuwa imetoa muda wa kuzibadilisha kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na muda ulikuwa umepita. Bibi wa watu alijinyima nyama miaka yote ile. Zile noti watoto walizichezea dukaduka, nikashindwa kuwatazama.

Kwa hiyo nyingi zikae benki, katika akaunti ambayo naweza kutoa siku yoyote bila kuomba ruhusa. Bima ya amana inamlinda mwenye akaunti hadi 7,500,000 benki ikifilisika, na sisi tuko chini ya hapo. Nyumbani nitabakisha matumizi ya mwezi mmoja, kwa sababu siku mtandao ukikatika wakala hana la kukusaidia. Na zile laki tano za sanda zisiende benki hata kidogo. Mtu akifa akaunti yake hufungwa mpaka mirathi ipite, na maiti haisubiri mirathi. Hizo nitampa mamako mdogo azihifadhi, na kila mwaka nitaziangalia noti zake.

Karafuu zikizaa vizuri, la kwanza ni kurudisha kilichotolewa, kisha ndiyo tuzungumze mambo mengine. Baba yako nimemsomea daftari jana baada ya magharibi. Alisikiliza kimya, akaniuliza, "Na mtoto akikwama Unguja?" Nikamwambia zile za maradhi ni za sote.

Sasa nakuomba jambo moja. Ukija Idi, njoo na kitambulisho chako cha Mzanzibari tukaongeze jina lako benki, ili mimi nikilala kitandani uweze kutoa kwa ajili ya baba yako. Na yule fundi wa Fuoni mwambie asinunue tofali hata moja kabla hatujaonana. Upepo wa kusi ukiwa mkali usipande boti, subiri siku ya pili.

Wasalaam,
Mama yako