Kifaranga kwenye Hilux

Wete, Pemba

Sahibu yangu Haji,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, wazee wanakusalimu, Bi Mkubwa anasema umemtupa. Najua mie ndiye niliyenyamaza tangu Mfunguo Mosi. Nigombeze ukishamaliza kusoma, maana nina haja na wewe, na haja yenyewe imo kwenye mfuko uliofungwa na barua hii. Fungua taratibu, una grisi.

Hilux ya marehemu baba imenitoa roho. Ilianza kwa mlio: kwi, kwi, kwi, ukienda polepole tu. Siku hiyo nilipakia matenga ya kuku, mama akashika kauli kwamba kuna kifaranga kimebanwa. Tukashusha kila kitu, tukang'oa hadi zulia, Haji, watu wazima wanne tumeinamia gari tupu tunatega masikio. Kifaranga hakuna. Nikaondoa gari: kwi, kwi, kwi.

Baada ya wiki mbili ikaongezeka kong! kila nikiachia klachi. Nikaenda kwa fundi, simtaji, utamjua. Hakulala hata chini ya gari. Kasikiliza akiwa kasimama, kasema difu, lile bonge la gia kwenye ekseli ya nyuma, limekwisha, na kwa bahati yeye analo kuukuu, laki nane. Kwa bahati! Nikarudi nyumbani nikamwaga oili ya difu kwenye beseni jeupe, nikapitisha sumaku. Haikunasa hata chembe ya chuma, na difu lililokwisha lingemwaga unga wa chuma.

Basi nikaanza kuusaka mwenyewe. Kwenye mteremko nikatia nyutro: mlio upo, na unafuata mwendo wa gari, si wa injini. Injini na klachi zikatoka hatiani. Habu za mbele, vile vifungo vya katikati ya magurudumu, nikaziweka fri, yaani huru; hapo propela ya mbele, ule mtaimbo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu, haizunguki kabisa: mlio upo. Jumamosi nikashusha propela ya nyuma nzima, nikafunga habu, nikatia fo-wili ili nguvu iende na mbele, gari ikavutwa na magurudumu ya mbele peke yake kama Vitz. Nimekwenda Konde na kurudi. Kimya! Nilizima redio makusudi niusikilize ule ukimya.

Sasa propela imelala barazani. Ukiishika kros, kile kiungo chake chenye msalaba ndani, upande mmoja inacheza, upande wa pili imekaza kama bawaba iliyoota kutu. Nikatoa kikombe kimoja: zile sindano za beringi ndani hazipo, kuna unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, na msalaba wenyewe umechimbika mifereji. Mwani ndio uliotuua. Miaka yote tunarudi kinyumenyume hadi majini kupakia magunia yanayochuruzika, na nipo, kile kitundu cha kutilia grisi, imejificha juu, mpaka uizungushe propela ndiyo uione. Baba alikuwa akilala chini na pampu ya grisi kila mwisho wa mwezi, mie nikiona anapoteza muda.

Haja yangu ndiyo hiyo: humo mfukoni mna kros na kikombe chake. Nenda nayo masokoni huko Unguja, Darajani au Mwanakwerekwe, pima kikombe kwa kikombe. Mtu akikwambia "hii inaingia, bwana" kabla ya kupima, ondoka. Za Kijapani kama zipo, zenye nipo. Na nataka mbili, si moja. Kombo anasema moja yatosha, Kombo huyo huyo aliyetaka kuchomoa slaidi ya propela, pale vipande vyake vinapochomekana, bila kutia alama, nikamzuia na patasi mkononi. Uma wa huku na wa kule, zile zinazoshika kros, zisipokaa sambamba, gari itatetemeka, tuanze kusaka mdudu mwingine. Ile kong sina hakika kama yote ni ya kros, nina wasiwasi na senta beringi, ile inayoishika propela katikati, lakini... basi, tuanze na kros.

Mtoto kapona? Ile kesi ya minazi na jirani imekwisha, au bado mnaitana kwa sheha? Shekha kalipa, au anakupiga kalenda? Na wewe unakuja lini? Au unangoja karafuu zishaanikwa uje kula tu? Magunia yananisubiri shamba, na gari ya kuvutwa mbele hailipandi lile tope na mzigo.

Pesa anazo Makame wa botini, zihesabu mbele yake. Kros mpe yeye yeye, boti ya kwanza ya Mkoani, nitamngojea bandarini. Nitakuja kwa daladala.

Wako,
Sefu