Barua kwa Baba Neema kuhusu kile kitrekta

Erie, Pennsylvania
Jumamosi usiku, Novemba

Mangi wangu, Baba Neema,

Hamjambo hapo nyumbani? Mama Neema hajambo? Bibi mpe shikamoo yangu, mwambie dawa ya miguu nimeshaipata, nasubiri mtu wa kumbebesha. Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kututafuna masikio. Nimeona niandike badala ya kukurushia sauti, maana kwa sauti ungenicheka kabla sijafika katikati.

Najua umenuna. Tangu Agosti uliponiuliza habari ya kitrekta nakujibu "tutaongea", mara niko zamu ya usiku, mara mtandao. Aloyce kaniambia umemwambia Marekani imenibadilisha. Haijanibadilisha, ndugu yangu. Nilikuwa sijui nikuambieje, halafu Septemba likatokea la kutokea, nikakosa mdomo kabisa.

Uliiona ile picha nimekikalia, ukaandika: "Hicho kikifika huku, jembe la mkono naliaga. Kiweke kwenye kontena la Deo, ya bandarini niachie mimi." Nikacheka. Kisha usiku nikawaza, huyu hatanii. Nikaanza kupiga hesabu kweli, mpaka nikapima urefu wake kwa futi. Kwa hiyo usidhani nilipuuza.

Ngoja kwanza ujue ni kitu gani. Kinaitwa Cub Cadet 100, walikitengeneza International Harvester kati ya 1963 na 1965 kwenye kiwanda chao cha Louisville, Kentucky. Ndiyo, International wale wale wa matrekta mekundu, ila hivi vidogo wakavipaka manjano na nyeupe. Cha kwanza kabisa kilitoka 1961, nguvu farasi 7. Changu ni farasi 10, silinda moja, petroli. Wamarekani wengi walikuwa wamehamia nje ya miji, wana viwanja vikubwa kuliko uwezo wa mashine ya kusukuma lakini si mashamba, ndio wakatengenezewa hivi. Injini ni ya Kohler, kampuni hiyo hiyo inayotengeneza masinki na vyoo. Shemeji yako akikichukia huniambia nikirudishe chooni kwa ndugu zake.

Kazi yake kubwa ni kukata majani. Na usiniulize majani yanaliwa na nani. Hayaliwi! Nina eka mbili za majani mabichi, kila wiki nakata, nayaacha pale pale yaoze. Mara ya kwanza niliumwa roho, nikamkumbuka mama na mzigo wake kichwani akipandisha kutoka porini kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Siku hizi nimezoea, lakini nikimaliza kukata bado huwa nageuka kuangalia.

Nilikinunua dola 250 kwa mzee aliyekuwa anahama. Kilikuwa nyuma ya banda lake, matairi yameoza, na kimti kimechomoza kati ya kiti na usukani, ikabidi nikikate kwa msumeno ndipo kitoke. Injini imeganda. Nilichomoa plagi, nikamimina asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, nikaacha. Kila jioni nikitoka kazini naongeza kidogo, naondoka bila kukigusa, kama mtu anayemtembelea mgonjwa. Baada ya wiki mbili na ushee niliweka spana kubwa kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, nikavuta taratibu, ikasogea unene wa ukucha. Nilipiga kelele mpaka watoto wakatoka nje.

Chini ya lile bati la feni nikakuta panya wamejenga kijiji. Nyasi, pamba ya godoro, maganda ya karanga, yote yameshindiliwa kwenye mapezi ya silinda. Injini hizi zinapozwa kwa upepo tu, kwa hiyo mtu angeiwasha vile vile ingejichoma yenyewe. Ukipata mashine yoyote ya namna hii, bati la feni ndilo uanze kufungua.

Kutu sasa. Hapa ungefurahi, maana nilitumia magadi. Si yale ya mawe tunayotia kwenye kiburu chetu cha ndizi na maharage, ila ni ukoo huo huo, wanauza hapa kwa ajili ya kufulia. Unajaza maji kwenye pipa la plastiki, unatia magadi, unazamisha chuma chenye kutu. Chaji ya betri: waya wa hasi kwenye chuma unachokitaka, wa chanya kwenye kipande cha chuma chakavu, na vyuma viwili visigusane. Kesho yake kutu imelegea, unaisugua kwa brashi kama masizi ya sufuria. Ila fanyia nje na usisogeze moto, kinachofoka pale ni gesi inayowaka. Na kile chakavu kisiwe chuma kisichoshika kutu, sumu yake mbaya. Nimekuandikia kirefu kwa sababu ya lile fremu la mashine ya kukobolea. Lijaribu.

Platini, zile za kukatiza umeme ili plagi itoe cheche, ziko nje kwenye ubavu wa injini, chini ya kifuniko kidogo, hata mtoto anazifikia. Mwanya wake nusu milimita. Nilikuwa na vipimo vizuri mezani lakini mkono ulikwenda wenyewe kwenye boksi la kiberiti, nikakata kipande, nikapimia kama ulivyonifundisha. Nilipokuja kuhakikisha kwa kipimo, palepale! Gasketi ya silinda hedi ndiyo iliyonipotezea mwezi, muuzaji mmoja alinitumia ya injini nyingine, nikairudisha, akanitumia ile ile. Halafu kina dude moja ndiyo stata na ndiyo jenereta, mkanda mmoja. Linawasha injini, kisha injini inalizungusha lenyewe lichaji betri. Nilisahau kwamba ukiwa umelifungua lazima uligusishe umeme wa betri, cheche moja tu, likumbushwe chanya ni wapi. Nikamaliza betri mbili nikilaumu waya.

Kilipowaka, Baba Neema... ile sauti. Si Lister, ile injini ya mashine ya kusaga ya Mzee Kishoka, ya Lister ni nzito zaidi, lakini ule mdundo wa silinda moja, tuku-tuku-tuku, nilijiona na debe la mahindi kwenye foleni, wewe mbele yangu unajifanya fundi. Nilikaa nacho mpaka giza. Shemeji yako alidhani nalia kwa sababu ya moshi.

Basi nikakitumia. Majira ya baridi nakifunga koleo la mbele na minyororo kwenye matairi ya nyuma, nasukuma theluji njia yote mpaka barabarani. Erie theluji yake ni ya ziwa, haina adabu. Krismasi ya 2017 zilianguka sentimita 86 kwa siku moja, na mimi nilikuwa na sepetu. Ndipo nilipoapa kutafuta mashine. Kwa hiyo Aloyce akikwambia nachezea hela kwenye midoli, mwambie siku hiyo alikuwa amelala kwenye kochi langu na hakutoka.

Sasa Septemba. Mbele ya nyumba kuna mtaro, na ukingo wake umeinama. Miaka yote ule ukingo naukata kwa mashine ya mkono. Siku hiyo nilikuwa na haraka, tuna ubatizo wa mtoto wa Mama Kelvin saa nane, nikasema leo nipite nacho ubavuni. Nikapita mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Nikasikia tok. Kisha tok-tok-tok. Nikazima, lakini wewe unajua, ukishasikia umechelewa.

Injini hii haina pampu ya oili. Chini ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, kuna kijiko kidogo, kila mzunguko kinachota oili kwenye sampu huko chini na kuirusha juu, basi, ndiyo namna yake ya kujipaka. Inabeba kama lita mbili hivi. Ukiiinamisha muda mrefu oili yote inakimbilia upande mmoja, kijiko kinachota hewa. Na konrodi yenyewe ni alumini, inakaa moja kwa moja kwenye krenki, ule mhimili unaozunguka, bila beringi. Nilipomwaga oili ilikuwa inameta kama rangi ya harusi. Kuna wenzangu huku konrodi ziliwakatikia na kutoboa bloku, mimi Mungu alinihurumia.

Sasa unaona ninakokwenda? Mimi nimeua yangu kwenye mtaro. Wewe kihamba chako cha juu, shamba la migomba mlimani, hata mbuzi anashuka kwa kufikiri. Kitrekta chenyewe kina kilo 300 hivi, chembamba, hakina chuma cha kukinga dereva kikipinduka. Nimekuota mara mbili uko chini yake kwenye ile migomba ya mwisho karibu na mfereji. Sikutaka kukuandikia ndoto, nikanyamaza.

Najua utasema, "Silimi juu, nalima kule porini, tambarare." Nimelifikiria hilo pia. Tambarare ni kweli. Lakini kinavuta jembe moja la inchi 8, na nguvu ni farasi 10 za mwaka 1964. Udongo wa kule ukikauka unaujua, na yale mawe. Halafu konrodi ikikatika Moshi utaipata wapi? Wewe utanichongea platini kwa kijiko cha chai, sikatai, nimekuona ukifanya makubwa zaidi. Ila utakuwa unasubiri spea kutoka kwangu, mvua zinapita, na mimi ndiye niliyekuletea. Pawatila, zile za kulimia kwa kushika mikono, angalau mafundi wake wapo.

Lakini bado sijasema hapana. Unaona ninavyozunguka. Kuna mzee mwingine hapa ana kingine cha aina hii, injini nzima, anauza pamoja na jembe lake, na kila nikipita nakiangalia. Kingeweza kuvuta tela la mbolea na ndizi kwenye njia ya chini, kingezungusha mashine ya kukobolea kwa mkanda... Nikifika hapo nakumbuka mtaro.

Injini yangu iko mezani vipande vipande, na theluji inaweza kuja wiki yoyote. Alumini ya konrodi iliyoganda kwenye krenki niliitoa kwa asidi ya kusafishia vigae, tone kwa tone, ikasafika. Lakini shingo ya krenki, pale konrodi inapokaa, imeliwa upande mmoja, kama milimita 0.08, si duara tena. Kuna konrodi ndogo zinauzwa, za krenki iliyochongwa robo milimita. Mchongaji wa hapa anataka hela kuliko nilivyonunulia kitrekta kizima. Kuna anayenishauri niipige msasa tu, nifunge, nimalizie baridi hii. Sauti yake kabla sijaifungua nilikuwa nimeirekodi, namtumia Neema kwenye simu yake kwa sababu yako najua imejaa. Isikilize ukiwa mahali tulivu, si gereji.

Kwa hiyo nijibu, na usinijibu kwa vikatuni. Ungekuwa wewe, ungechonga au ungepiga msasa? Yule mchongaji wako wa Pasua bado yupo, na krenki ya silinda moja anachonga kwa bei gani? (Usicheke, kuna mtu anakuja Desemba na ana nafasi kwenye begi.) Kule porini mwaka huu mlilima kwa trekta la kukodi au kwa ng'ombe, na eka moja ilikugharimu ngapi? Pawatila ya ushirika iliishia wapi, bado imelala pale kwa Mzee Kishoka? Ikiwa nitakuchangia kuifufua hiyo, utanuna au utafurahi? Na lile tela, ungelihitaji kweli au ilikuwa maneno ya furaha ya picha? Neema amechaguliwa shule gani? Na kwa nini Deo hapokei simu zangu, tunadaiana?

Mama Glory anakusalimu sana. Anasema kitrekta ukitaka hata kesho ukichukue, na mimi juu yake.

Wako,
Baba Glory

Nimesahau: kwenye ile sauti, dakika ya pili kuna mlio mwingine kama wa kijiko kwenye kikombe. Huo ni mbwa wa jirani na mnyororo wake, usiutibu.